MAJI CHINI YA FRIZA SI PEPO

 

Leo nasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tumezoea kukemea vitu vinavyotaka kupanguzwa kwa tambara. Maombi ya namna hii nayapokea kila mara: "Pasta, biashara yangu imefungwa. Samaki wanaharibika ndani ya friza, tokeni za stima haziishi wiki, na kila asubuhi nakuta maji sakafuni. Kuna mtu ananichezea." Na huyo "mtu" mara nyingi ameshapewa jina. Ni yule nyanya wa nyumba ya pili.

Hapo ndipo mimi naogopa. Sisi wa Kwale, na ndugu zetu wa Kilifi, tunajua neno "mchawi" linafikisha wapi. Wazee wamekimbia miji yao na wengine wameuawa kwa tuhuma tupu. Kwa hiyo kabla hujamtaja jirani kwenye maombi, fungua friza yako uiangalie.

Mhubiri 10:18 anazungumzia nyumba inayovuja. Hamtaji mchawi wala jirani. Anataja uvivu na mikono isiyofanya kazi.

Hewa yetu ya Pwani imejaa unyevu. Raba ya mlango ikichanika au ikilegea, hewa hiyo inaingia usiku kucha na unyevu wake unaganda ukutani. Barafu ikinenepa inakuwa kama blanketi: baridi haiwafikii samaki vizuri, mashine inanguruma bila kupumzika, na tokeni zinakwisha. Stima ikipotea usiku, barafu ile inayeyuka na maji yanatafuta njia ya kutokea. Na zile friji zinazojiyeyusha zenyewe zina tundu dogo la kupitisha maji. Likizibwa na uchafu, maji yanajaa ndani kisha yanamwagika. Pepo yuko wapi hapo?

Fanya hivi:

1. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, usingoje zaidi. Zima, chomoa plagi, samaki watie kwenye ndoo yenye barafu na ufunike. Acha mlango wazi, weka beseni la maji ya moto ndani, fungua kizibo cha chini kama kipo, na upanguze maji yanavyoshuka.

2. Usichokoe barafu kwa kisu wala bisibisi. Nyuma ya ukuta ule mna mabomba membamba ya gesi. Ukitoboa moja, gesi inatoka na friza imekufa. Wala usitie jiko la makaa au mshumaa. Friza nyingi za siku hizi zina gesi iitwayo R600a, nayo inashika moto.

3. Osha raba kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Kisha bana karatasi mlangoni uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba haibani, ibadilishe.

4. Lile tundu la maji limiminie maji ya vuguvugu polepole mpaka uone yanapita.

5. Kausha ndani na sakafuni kabla ya kurudisha plagi. Usiishike ukiwa umekanyaga maji. Na usitie chakula chenye moto, mvuke wake wote utageuka barafu.

Umefanya yote na bado inavuja au haigandishi? Mwite fundi wa friji. Mungu ndiye aliyempa ule ujuzi.

Kuna atakayeniuliza, "Pasta, kwani huamini tena maombi?" Naamini sana! Lakini soma Yohana 11. Yesu alimfufua Lazaro, kazi ambayo hakuna mwanadamu angeiweza. Jiwe la kaburi aliwaambia watu waliondoe. Na Lazaro alipotoka, aliwaambia watu wamfungue zile sanda. Yaliyo ndani ya uwezo wa mikono yetu, Bwana aliyaacha mikononi mwetu. Mkesha wa kukemea raba iliyochanika ni kumwomba Mungu aondoe jiwe ambalo ametuagiza tuliondoe sisi.

Sidharau jambo hili. Friza ya mama karanga ni karo ya watoto. Friza ya dada anayeuza aiskrimu za ukwaju pale karibu na shule ndiyo kodi ya nyumba. Samaki wa siku moja wakioza, mtaji umekwenda. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akifunga siku tatu, akitoa sadaka ya kufunguliwa, na raba bado imechanika pale pale.

Baba, bariki kazi ya mikono yetu, utupe macho ya kuona yaliyo mbele yetu, na utuponye na ulimi unaosingizia, katika jina la Yesu.

Usiandike AMINA sasa hivi. Kwanza kaangalie raba. Na kama ulimdhania jirani yako ubaya kwa sababu ya maji ya friza, Mathayo 5:23-24 inakutuma kwake kabla ya madhabahuni. Nenda ukamsalimie, ukapatane naye. Kisha rudi uandike AMINA.