Mkurugenzi, waambie majirani zangu kwamba sikuiba

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mfuko wa misaada wa kampuni iliyotuahidi ruzuku.

YAH: FEDHA ZA KIVUKO CHA KORONGO, MAKUTUPORA



Andiko letu la mradi unalo, na barua ya ofisi yako ya kutupongeza ninayo. Mlitupa masharti: tuunde kamati, tufungue akaunti benki, na wananchi wachangie kwanza ili mjue tuna nia. Tulitimiza yote. Mimi ndiye mweka hazina. Nilipita kaya kwa kaya na kitabu cha risiti, nikipokea shilingi 10,000 huku, 5,000 kule. Bibi mmoja asiyekuwa na hela alitoa kuku wawili, nikawauza gulioni mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Tukanunua saruji, tukaipanga ofisi ya mtaa juu ya mbao isishike unyevu. Ndipo ikaja barua pepe ya mistari mitatu kwamba vipaumbele vya mfuko vimebadilika.

Mvua zikaikuta saruji ile palepale. Leo kila mfuko ni jiwe. Ukirarua karatasi unakuta umbo la mfuko limesimama lenyewe. Na mimi mtaani naitwa Mama Kivuko, jina la mtu aliyekula hela ya watu.

Korongo lenyewe unalijua, picha zake mlizipiga ninyi. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, kisha kati ya Desemba na Aprili maji hushuka kutoka vilimani hata siku ambayo kwetu halijadondoka tone. Watoto wanakwenda shule asubuhi pakavu, mchana wanakuta mto. Wajawazito wanasubiri ng'ambo. Bodaboda wanageuza.

Mvua za msimu huo ndizo zinazoinywesha Dodoma. Watafiti waliopitia vipimo vya zaidi ya miaka 50 vya visima vya Makutupora walionyesha kwamba maji ya ardhini hapa hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Maji hayo yanapelekwa mjini kwa mabomba. Sisi tunabaki na korongo.

Lakini kukosa kivuko si hasara iliyo kubwa zaidi. Hasara kubwa zaidi ni kwamba watu hawachangi tena. Kikundi cha ulinzi shirikishi kilikuwa kinanunuliwa betri za tochi na mabuti kwa michango ya kila mwezi, sasa vijana wakipita wanaulizwa, "Mama Kivuko anasemaje?" na mlango unafungwa. Mzee mmoja jirani yangu aliunguliwa jiko, tukataka kumchangia mabati. Hawakuchanga. Nilipoinuka kusema kwenye mkutano wa hadhara, watu walicheka, na binti yangu alikuwapo. Miaka nimeishi mtaa huu nikishikishwa fedha za misiba na harusi bila mtu kudai nimuoneshe daftari. Leo hata nikilifungua hawaliangalii. Hawachangi, Mkurugenzi. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yetu ya siku ya maafa, na ofisi yako imeimaliza kwa mistari mitatu.

Si ninyi peke yenu. Matope ya Mlima Hanang yaliposhuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, kampuni zilifika na magodoro, unga na hundi kubwa za kupigia picha. Walifanya vema kufika. Ila kabla ya maafa, anayeomba kivuko, mfereji au taa ya njiani anaambiwa asubiri mwaka wa fedha. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeshusha kamati za maafa hadi ngazi za chini. Kamati bila fedha ni majina ukutani. Wenye leseni za kuchimba madini wanabanwa na Sheria ya Madini kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii. Kampuni yako haibanwi hivyo, basi inaahidi inapotaka na kuacha inapotaka. Bunge liliangalie hilo, maana kikundi kidogo kama chetu kinadaiwa taarifa ya kila shilingi, na aliyevunja ahadi hadaiwi hata maelezo.

Ninachodai kwako ni haya. Msimtake mwananchi atoe hata shilingi kabla ninyi hamjasaini mkataba. Majibu yenu yatoke kiangazi, wakati kokoto na mchanga vinabebeka, si mvua zikishaanza. Saruji ya watu mwirudishe.

Na zaidi ya yote, niandikieni barua yenye muhuri na sahihi yako, iseme wazi kwamba ruzuku haikutoka, kwamba hakuna fedha ya mfuko iliyoingia mikononi mwangu, na kwamba michango ilinunua saruji mliyotuambia tununue. Nitaipeleka kwa mwenyekiti aisome kwenye mkutano wa mtaa. Kama unaweza, njoo uisome mwenyewe. Viti vipo, na majirani zangu wana maswali wanayopaswa kukuuliza wewe, si mimi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mweka Hazina, Kamati ya Kivuko,
Makutupora, Dodoma.