Usichanganye tairi kiholela

Ukipata nafasi leo zunguka gari lako usome maandishi yaliyo ubavuni mwa kila tairi. Huenda ukakuta ya mbele kushoto ni ya kampuni moja, ya kulia ni ya nyingine, na za nyuma hazifanani hata meno. Magari ya namna hii ni mengi mijini, na si kwamba wenyewe hawajali. Tairi hupasuka katikati ya mwezi, karo haijalipwa, na ile kuukuu inayouzwa kando ya barabara huonekana kuwa afueni.

Tatizo ni kwamba tairi hazifanyi kazi kila moja kivyake. Ukikanyaga breki, zote nne husaidiana kuishika lami. Ikiwa ya kushoto inashika vyema na ya kulia inateleza, gari huvutwa upande mmoja. Siku ya jua huenda usihisi lolote. Lakini mvua ikinyesha, meno marefu huyatoa maji pembeni, ilhali yaliyolika hushindwa, na tairi ikaelea juu ya maji. Gari lililojaa watoto huweza kugeuka ghafla likatazama lilikotoka.

Ukubwa nao una hila zake. Chukua mfano wa tairi iliyoandikwa 185/70 R14. Hiyo 185 ni upana kwa milimita. Hiyo 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. Nayo 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Fundi akikufungia 185/65 R14 upande wa pili, itaingia bila taabu. Hata hivyo, mwanao wa sekondari atakupigia hesabu: kipenyo chake ni pungufu kwa milimita 18 na nusu, na kila kilomita itazunguka takriban mara 16 zaidi ya mwenzake. Kutoka Nairobi hadi Nakuru, mwendo wa kilomita zipatazo 160, hiyo ni mizunguko zaidi ya 2,500. Ikiwa hayo ndiyo magurudumu yanayosukuma gari, difu itahangaika kana kwamba unakata kona safari nzima. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, hasara huweza kufika kwenye gia, na gharama yake ikapita bei ya tairi nne mpya.

Ufanyeje basi ikiwa pesa hazitoshi nne? Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nunua mbili zinazolingana kwa kampuni, aina na ukubwa, uzifunge pamoja nyuma. Mafundi wengi watakushauri uziweke mbele. Kataa kwa upole. Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, usukani hukuarifu mapema nawe ukapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, mkia wa gari huja mbele kabla hujajua la kufanya. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne ndilo lisiloridhika na mbili. Hilo lataka zote zifanane.

Zile za zamani zitakazobaki mbele ziwe bado na meno. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo. Meno yakilika hadi kuwa sawa navyo, yamebaki milimita 1.6 tu, na tairi hiyo haifai tena.

Ukinunua tairi iliyokwisha kutumika, tafuta herufi DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ndizo umri wake: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukauka na kupasuka hata kama meno yote yapo.

Na tairi ya akiba isiyolingana na nyingine ni ya kukufikisha polepole kwa fundi, si ya kwendea mashambani na jamaa yote.

Nanyi vijana, msimwachie baba au mama kazi hii peke yake. Kusoma namba hizi hakuhitaji leseni. Juma lijalo tutazungumzia hewa ya tairi.