Tusikimbilie Koleo Wala Kisu

Mkazi wa Bungu, katika milima ya Usambara, hahitaji kuelezwa ubaridi wa maji ya chemchemi. Lakini maji yale yale aliyoyanywa tangu utotoni yakianza kumchoma jino hata akafumba macho, hana budi kujitazama katika kioo. Pengine ataona ufizi umerudi nyuma na mzizi wa jino umebaki wazi. Wengi hapo huwaza jambo moja tu: kushuka Korogwe wakang'olewe. Sisi twaamini kwamba uamuzi huo ni wa haraka mno.

Jino ambalo ufizi wake umerudi nyuma si lazima liwe limekufa. Mara nyingi bado ni imara, na mzizi wake waweza kufunikwa tena kwa upasuaji. Njia ziko kadhaa, na kila moja ina faida na taabu yake.

Ya kwanza ni kuupasua ufizi uliopo, kuulegeza, kuuvuta juu ya mzizi na kuushona. Kidonda ni kimoja tu, lakini yafaa ufizi uwe mnene, na miaka ikipita waweza kurudi ulikotoka. Ya pili ni kuchukua nyama kidogo kaakaani na kuipandikiza chini ya ufizi huo uliovutwa. Njia hii, iliyoelezwa na Langer na Langer mwaka 1985, humwachia mgonjwa vidonda viwili. Hata hivyo ndiyo ambayo wataalamu hupimia nyingine, kwa kuwa hufunika vizuri na hudumu. Ya tatu ni kubandika kipande cha kaakaa mahali palipopungukiwa. Huimarisha ufizi, hasa wa meno ya mbele ya chini, ijapokuwa rangi yake aghalabu hailingani na ya jirani zake. Ya nne, aliyoitangaza John Chao wa Marekani mwaka 2012, hupitia tundu dogo bila kushona. Maumivu yake ni machache, lakini haijapimwa kwa miaka mingi kama zilizoitangulia.

Wapo pia wanaoepuka kidonda cha kaakaa kwa kutumia utando wa kiwandani. Baadhi ya tando hizo hutokana na nguruwe, nyingine na ng'ombe au mwanadamu. Mkoa wetu wa Tanga una Waislamu wengi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kukubali, na daktari ana wajibu wa kumjibu.

Lakini kulinganisha visu ni kazi bure iwapo chanzo kimeachwa. Ufizi hurudishwa nyuma na mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu, na ukoga ulioganda. Aliyepandikizwa nyama leo, kesho akasugua meno kama anayesugua sufuria, amejitafutia kidonda cha pili. Mvuta sigara naye hupunguza uwezekano wa nyama hiyo kushika. Tena, mfupa ulio kati ya meno ukishaliwa na ugonjwa, hakuna kisu kitakachoufunika mzizi wote.

Mwaka 1986 Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wa Watanzania wenye umri wa miaka 30 hadi 69. Ukoga ulikuwa umeenea karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa wa kile kinacholishika jino ulikusanyika zaidi kwa sehemu ndogo ya watu. Fundisho ni dhahiri: wengi wetu twaweza kuzeeka na meno yetu, na wachache walio hatarini yafaa watambuliwe mapema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo twazisihi mamlaka za afya zihakikishe kwamba vituo vya vijijini vinakuwa na vifaa vya kukwangua ukoga ulioganda, wala si koleo la kung'olea peke yake. Nao wananchi watumie mswaki laini, na kabla ya kukubali kisu wamwulize daktari maswali matatu: chanzo ni nini, mfupa umebaki kiasi gani, na nyama itatoka wapi? Jino la mtu mzima likishang'olewa, halioti tena.