Mario wa Franco na siye wa Sakania

Mwaka 1985 Franco Luambo na TP OK Jazz walitoa wimbo «Mario». Ni habari ya kijana mwenye madiplome asiye na kazi, anayeishi kwa mama mwenye feza na mwenye kumupita sana miaka. Mpaka leo, wimbo ule ukilia katika mabaa ya hapa kwetu, batu banacheka: «Mario ni muvivu!»

Siye bijana tuliosoma tunauliza: kwa nini mutu wa madiplome alibakia bila kazi? Wimbo unamulaumu yeye. Wenye kugawa kazi, hakuna anayebauliza.

Shida haiko miaka. Wakubwa wawili wakipendana, ni mambo yao. Shida ni mumoja kuwa na nyumba, chakula na neno la mwisho, na mwingine kuogopa kusema «hapana», juu atalala inje. Na dada zetu je? Muzee wa feza akichukua binti wa chuo, batu bale bale banasema: «Ana bahati.» Woga ni ule ule.

Hapa mupakani makamio ya shaba yanapita kila siku kwenda Zambia. Siye tunabakia kando ya njia na madiplome yetu, juu kazi nyingi zinapatikana kwa kujuana.

Kwa hiyo tunadai: kila nafasi ya kazi itangazwe wazi, na mutihani uwe mumoja kwa wote. Mwenye mushahara wake anaweza kupenda, na anaweza pia kukatala.