Bei ya gari jipya: Mnunuzi wa Mpanda aulize tarehe kabla ya kuomba apunguziwe

TANGU Machi 28, 2025 bei ya gari jipya nchini inatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika siku hiyo zilipiga marufuku kutangaza au kudai bei kwa dola ndani ya nchi, isipokuwa kwa makundi machache kama vile balozi na mashirika ya kimataifa. Kabla ya hapo, aliyeingia katika maduka ya magari mapya ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, hakushangaa kupewa karatasi ya bei yenye dola.

Kwa mkulima wa tumbaku wa Nsimbo au mfanyabiashara wa mpunga wa Majimoto, badiliko hilo lilionekana kuwa nafuu. Anauza kwa shilingi, anaweka benki shilingi, na sasa anaambiwa bei kwa shilingi. Hata hivyo, dola haikuondoka katika biashara ya magari. Imehama tu kutoka kwenye karatasi ya bei na kuingia ndani ya hesabu ya muuzaji, mahali ambapo mnunuzi haioni. Na hapo ndipo penye fedha nyingi kuliko punguzo lolote analoweza kulipata kwa kubembeleza.

Suala hili linawagusa watu wengi zaidi Katavi kuliko ilivyokuwa zamani. Mkoa huo uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 hauna tena sifa ya kufikiwa kwa treni ya Kaliua pekee kila mvua inapochachamaa. Lami imefika Mpanda kutoka Tabora, na mazao yanatoka kwa wingi. Msimu wa 2022/23 nchi ilivuna zaidi ya tani 120,000 za tumbaku, na Katavi ni miongoni mwa mikoa inayoilima. Lakini barabara za kwenda Mwese, Mishamo na Karema bado zinadai gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote manne. Ndiyo maana wenye chama cha msingi, wenye mashine za kukoboa na wanunuzi wa mazao wanapopata msimu mzuri, jambo la kwanza linalozungumzwa ni gari.

Gari jipya aina hiyo lina bei ya namna gani hasa? Njia rahisi ya kulielewa ni kuchukua mfano. Tuseme gari la injini inayozidi sisi 2,000 limefika bandarini likiwa na thamani ya dola 25,000, pamoja na nauli ya meli na bima. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25 ya thamani hiyo. Juu ya jumla hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kisha juu ya vyote VAT ya asilimia 18. Tozo nyingine ndogo, ikiwamo ile ya kuendeleza reli iliyoanza mwaka 2015, tuziache pembeni. Matokeo yake ni kwamba kila shilingi 100 ya gari inageuka kuwa shilingi 162 na senti kadhaa kabla muuzaji hajaweka faida yake wala kulipa mshahara wa mtu. (Pikapu ina mstari wake katika jedwali la ushuru, hivyo hesabu yake isichukuliwe kutoka hapa.)

Sasa iingizwe dola. Katikati ya mwaka 2025 na kabla yake shilingi iliyumba sana. Desemba 2024 dola moja ilishuka hadi chini ya shilingi 2,400, miezi michache baadaye ikapanda tena na kukaribia 2,700, na kabla mwaka 2025 haujaisha ikawa imerudi chini ya 2,500. Gari la mfano wetu likikokotolewa kwa shilingi 2,700, gharama yake pamoja na kodi inafika shilingi milioni 109.5. Likikokotolewa kwa shilingi 2,450, ni milioni 99.4. Tofauti ni zaidi ya shilingi milioni 10 kwa gari lile lile, rangi ile ile, hata vumbi la yadini lile lile. Kilo ya mahindi ikiuzwa shilingi 600, hiyo ni thamani ya magunia 169 ya kilo mia moja.

Muuzaji atajibu, na mara nyingine kwa haki, kwamba gari hilo aliliingiza wakati dola ikiwa juu na kodi akailipa kwa kiwango cha siku hiyo. Huo ni ukweli ikiwa kweli kodi ilikwisha kulipwa. Lakini si kila gari linaloonekana dukani au yadini limelipiwa kodi. Mawakala wengi huyaweka magari katika ghala la forodha na kulipa kodi pale tu mnunuzi anapopatikana. Kwa gari la namna hiyo, kodi inakokotolewa kwa kiwango cha siku linapotolewa ghalani, si cha siku meli ilipotia nanga. Swali la kwanza la mnunuzi kwa hiyo si "mwisho wako shilingi ngapi?" Ni hili: gari hili limelipiwa kodi au bado liko ghala la forodha, na kama limelipiwa, ni tarehe gani?

Tarehe hiyo imeandikwa kwenye hati ya forodha, ile TANSAD ambayo kila mwagizaji anaijua. Muuzaji halazimiki kuonyesha hati zake zote za ununuzi, na wengine watakataa. Lakini kuulizwa tu kunambadilisha namna anavyozungumza. Anajua kuwa aliye mbele yake anaweza kuchukua viwango vya siku vya Benki Kuu na kuvilinganisha na bei aliyopewa.

Kinachokera ni jinsi kanuni ya dola inavyotumika upande mmoja. Shilingi ikishuka, bei za magari ya zamani yadini hupandishwa wiki hiyo hiyo kwa maelezo kwamba "dola imepanda". Shilingi ikiimarika, mnunuzi huambiwa kwamba mzigo ni wa zamani. Maelezo yote mawili hayawezi kuwa sahihi kwa pamoja. Ama bei inafuata gharama ya gari siku lilipoingia, ama inafuata dola ya leo. Mnunuzi anayo haki ya kumtaka muuzaji achague mojawapo, na kubaki nayo.

Wakulima wa tumbaku wa Katavi wana elimu ya jambo hili kuliko wanavyodhani. Kwa miaka mingi bei ya zao lao imekuwa ikipangwa kwa dola kwa kilo, na malipo kuja kwa shilingi. Katika mikutano ya vyama vya msingi hakuna asiyeuliza kiwango kilichotumika, na senti chache zikipotea katikati kelele zake zinasikika hadi kwenye chama kikuu. Mtu huyo huyo akifika Dar es Salaam na fedha ya msimu mzima mkononi, anaomba apunguziwe milioni mbili, anapewa moja na nusu, anashukuru.

Baada ya dola na kodi, kinachobaki ni faida ya muuzaji, na hapo ndipo palipo na mazungumzo ya kawaida ya soko. VAT hutozwa juu ya bei ya muuzaji, kwa hiyo kila milioni moja anayoipunguza kabla ya VAT inamshushia mnunuzi shilingi 1,180,000. Ni vizuri kuhakikisha kwamba punguzo linahesabiwa kabla ya VAT na linaonekana kwenye risiti ya EFD. Punguzo la "bila risiti" ni la kukimbia: mnunuzi anabaki na gari ambalo hana ushahidi wa bei yake, na dhamana ya kiwanda inayoweza kubishaniwa. Na aliyesajiliwa VAT asijidanganye kwamba atairudishiwa. Sheria ya mwaka 2014 hairuhusu kudai VAT ya gari la abiria, isipokuwa kwa mwenye biashara ya kuuza, kukodisha au kusafirisha watu kwa magari hayo.

Soko la magari mapya nchini ni dogo na wanunuzi wake wakubwa ni Serikali, mashirika, migodi na kampuni za utalii. Hao hununua kwa mafungu. Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka mjadala wa mashangingi, ambapo hata Mizengo Pinda, mwana wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alikemea hadharani anasa ya magari makubwa ya umma. Mjadala ule ulihusu matumizi ya Serikali, lakini ulionyesha pia jinsi magari hayo yalivyozoea kuuzwa: mengi kwa mkataba mmoja. Mtu mmoja kutoka Mpanda hana uzito huo. Vyama vitatu au vinne vya msingi vikienda pamoja, au wafanyabiashara watano wa soko moja, wanakuwa mteja wa aina nyingine kabisa. Kwa chama cha msingi kuna jambo la ziada: kikikopa kwa ajili ya gari, mkopo huo lazima uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis, na mkutano mkuu uwe umekubali. Viongozi wanaoweka malipo ya awali dukani kabla ya hatua hizo huwa wamejifunga mikono. Muuzaji akishajua kuwa fedha ya chama imekwisha tangulia, mazungumzo yamekwisha.

Umbali nao una bei. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda kwa njia ya Dodoma na Tabora ni takriban kilomita 1,200. Baadhi ya magari mapya hutakiwa kufanyiwa ukaguzi wa kwanza yakifika kilomita 1,000. Maana yake gari linaingia Mpanda likiwa tayari limepitisha ukaguzi huo, na karakana kubwa zinazotambuliwa na viwanda ziko miji kama Mbeya na Mwanza. Kwenda Mbeya peke yake kupitia Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 500, na kurudi ni nyingine 500. Asiyefanya huduma katika karakana inayotambuliwa anaweza kupoteza dhamana aliyoilipia ndani ya bei.

Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Katavi ana madai yake ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam hana. Aombe ukaguzi wa kwanza ufanyike Tabora au Dodoma gari likiwa njiani, kama wakala ana fundi huko, au muda wake uandikwe upya kwenye kitabu cha dhamana. Kama magari ni matano, aombe mafundi watumwe Mpanda mara mbili kwa mwaka. Aombe vichujio na mafuta ya injini vya huduma tatu za mwanzo vipakiwe ndani ya gari. Ngao, mkonga, keria na mikeka, ambavyo dukani vina bei ya kushtua, muuzaji hutoa kwa urahisi zaidi kuliko fedha taslimu, kwa kuwa vinamgharimu kidogo na havigusi bei anayoripoti kwa mwenye kiwanda. Ila visipokelewe badala ya punguzo la dola. Ngao haifikii magunia 169.

Muuzaji akijitolea kumtafutia mnunuzi mkopo, hesabu ianze upya. Mkopo wa shilingi milioni 60 kwa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 12 unaweza kuwa na maana mbili. Riba ikitozwa kila mwaka juu ya milioni 60 zote, hata baada ya nusu kulipwa, jumla yake ni shilingi milioni 21.6. Ikitozwa juu ya salio linalopungua kila mwezi, ni karibu milioni 11.7. Punguzo la milioni tatu kwenye bei ya gari linamezwa hapo na masalia yanabaki. Bima kubwa, ambayo benki huidai, nayo ipatiwe bei kutoka kampuni zaidi ya moja.

Wakati wa kununua una uzito wake pia. Fedha za tumbaku huingia katika miezi ileile ambayo Bunge linapitisha Sheria ya Fedha, na viwango vipya huanza Julai mosi. Anayelipa malipo ya awali Juni na kuchukua gari Julai anapaswa kuwa na maandishi yanayosema nani atabeba kodi ikipanda, na nani atafaidi ikishuka. Mwishoni mwa mwaka hali hugeuka: magari yenye mwaka wa kutengenezwa unaokwisha huanza kumlemea mwenye duka, kwa kuwa Januari yatakuwa ya "mwaka jana". Kwa anayekusudia kulitumia gari miaka kumi kwenye barabara ya Karema, mwaka mmoja kwenye kadi hauna uzito mkubwa, lakini kwenye bei una uzito.

Na aende akiwa na bei nyingine mfukoni. Mfumo wa TRA wa kukokotoa kodi ya magari yaliyotumika uko wazi kwenye mtandao, na kwa dakika chache mtu anaweza kujua gari la aina hiyo hiyo la miaka minne au mitano kutoka Japan litamfikia Mpanda kwa kiasi gani. Yawezekana hataki gari lililotumika. Muuzaji hajui hilo, na si lazima ajue.