Jeshi Linanoa, Halinyooshi

Wiki jana mama mdogo kanipigia simu, anataka nimsaidie mwanawe kujaza fomu za jeshi. Kijana ana miaka 17. Baba yake alifariki mwaka juzi, na tangu hapo kila mwezi mama anaitwa shuleni: kapigana tena. "Jeshi litamnyoosha," akaniambia. "Si unamjua yule bondia wenu, Nigel Benn?"

Namjua, mama. Na kwa sababu namjua, nina wasiwasi.

Benn ni mtoto wa wahamiaji kama sisi. Wazazi wake walitoka Barbados, yeye akazaliwa Ilford mwaka 1964. Alikuwa mkorofi wa mtaani, akaingia jeshi la Uingereza, akapelekwa Ujerumani Magharibi kisha Ireland ya Kaskazini. Jeshini ndondi zikamkolea. Mwaka 1986 akawa bingwa wa Uingereza wa ngumi za ridhaa, 1987 akaingia za kulipwa, na mapambano yake 22 ya kwanza yote akayamaliza kwa KO. Mwaka 1990 akatwaa mkanda wa dunia wa WBO, 1992 ule wa WBC. Nani asingesema jeshi limemtengeneza?

Mimi nasema jeshi lilimnoa. Kunoa na kunyoosha ni vitu viwili. Benn alifiwa na kaka yake, Andy, akiwa na miaka minane, na mwenyewe amesimulia jinsi alivyokua na hasira ile. Jeshini hasira ilikuwa na ratiba, na kulikuwa na mkubwa wa kumwambia basi, inatosha. Kwenye ngumi za kulipwa, hasira hiyohiyo ndiyo iliyouza tiketi. Nani angemwambia inatosha?

Tarehe 25 Februari 1995, London, Gerald McClellan alimpiga mpaka akatoka nje ya kamba raundi ya kwanza. Benn akarudi ulingoni, akashinda raundi ya 10. Ni pambano la kishujaa, sikatai. Lakini McClellan alivuja damu ubongoni, akapofuka, na mpaka leo anahitaji kuangaliwa. Benn alistaafu 1996, na baadaye akasimulia kwamba alijaribu kujiua. Amani, anasema, aliipata kwa Mungu. Hakusema aliipata kwenye gwaride.

Sisemi jeshi ni baya. Kazi ni kazi, na wapo ndugu zetu wanaoifanya kwa heshima. Ninachosema ni kwamba msiba haunyooshwi kwa amri. Ukimpa mtoto mwenye kidonda buti na glovu, atajifunza kupiga vizuri zaidi, basi.

Fomu nitamsaidia, akitaka mwenyewe. Ila Jumamosi nitampitia kwanza, tukale chipsi, nimuulize habari za baba yake. Miaka miwili sasa, na sidhani kama kuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.