Video Yako Isiishie Kwenye Stetasi

Vijana wetu wa Kitale na Bungoma.

Juzi kijana mmoja wa stejini kwetu alibebwa baada ya Isha. Wanaume wanne, gari jeupe, hakuna hata mmoja aliyevaa sare. Waliokuwa pale hawakupungua kumi, na karibu nusu yao walitoa simu. Kufika saa tano usiku video tatu zilikuwa zinazunguka kwenye stetasi, moja imewekewa hadi wimbo. Saa hiyo mamake alikuwa hajui lolote. Wakili hakuna aliyempigia.

Asubuhi tukaanza kuulizana: nani anayo ile ya kwanza, iliyoonyesha namba ya gari? Mwenye nayo alikuwa ameifuta usiku kwa sababu ya woga, na simlaumu. Iliyobaki ilikuwa imepita mikono ishirini, imefifia mpaka namba haisomeki. Kijana alipatikana siku ya tatu, yuko hai, alhamdulillah, katika kituo ambacho tulikuwa tumeshaenda kuuliza tukaambiwa hayupo.

Sasa ukweli ni huu. Kurekodi tunajua sana. Tusilojua ni tumtumie nani, na tumtumie lini.

Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeangukia wikendi au usiku. Lakini hizo saa zina maana kwa mtu anayejulikana yuko wapi na nani amemshika. Wakianza kusema "hatuna mtu kama huyo", wakili inabidi aende kwa jaji kuomba mtu aletwe, akiwa mzima au kwa hali yoyote aliyo nayo. Jaji atauliza: una nini cha kuonyesha kwamba ni polisi waliomchukua? Hapo ndipo sekunde thelathini zako zinahitajika, na stetasi ya jana yake haimfikii jaji.

Mnakumbuka Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walipotekwa wakitoka mahakamani Mavoko. Mwenda hakuwa na simu. Alikuwa na kipande cha karatasi ya chooni. Aliandika namba ya mkewe na kwamba yuko hatarini, akakirusha nje ya seli pale Syokimau. Mpita njia akakiokota na akapiga ile namba. Hakikuwaokoa, Mungu awarehemu, lakini kilionyesha walishikiliwa wapi, na kikawa kielelezo mahakamani. Julai 2022 polisi watatu na raia mmoja walipatikana na hatia ya mauaji. Fikiria kama yule mpita njia angekipiga picha, akaweka kwenye grupu na emoji ya kulia, halafu akaendelea na safari yake.

Na sisi wa upande huu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Machi 2008 jeshi lilipoingia Mlima Elgon kwa Operesheni Okoa Maisha kuwasaka SLDF, wanaume walikusanywa wakapelekwa kambi ya Kapkota. Wapo waliorudi na makovu. Wapo ambao hawajarudi mpaka leo, na familia zao tunaishi nazo, tunakutana nazo sokoni. Wakati ule simu ya kuchukua video haikuwa mkononi mwa mtu wa kawaida kijijini. Ushahidi ulikuwa makovu, majina kwenye daftari na vilio vya akina mama. Shirika la madaktari na mawakili, IMLU, lilipeleka kesi Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2010. Mwaka 2012 ngazi ya rufaa ikaitupa. Si kwa sababu mateso hayakutokea. Walisema imeletwa kwa kuchelewa, kwa vile mkataba unatoa miezi miwili tu. Hilo huwa linaniuma kila nikilikumbuka.

Najua kuna atakayesema: lakini Sheikh, serikali inaogopa mtandao, bila kuposti hakuna kitu. Ana haki kwa kiasi fulani. Boniface Kariuki, aliyekuwa akiuza barakoa, alipigwa risasi mchana kweupe Nairobi tarehe 17 Juni 2025, na kwa sababu ya zile video maafisa wawili walikamatwa haraka. Mmoja baadaye akashtakiwa kwa mauaji. Lakini tazama na Eastleigh, Machi 2017. Afisa asiye na sare alirekodiwa akiwapiga risasi vijana waliokuwa tayari wako chini. Nchi nzima iliona wiki ile ile. Afisa kufikishwa kortini kwa mauaji ilichukua zaidi ya miaka mitano. Kuonwa na watu wengi ni kitu kimoja, kufika kwa anayeweza kufanya kitu ni kingine. Mimi sikatazi kuposti. Nasema kuposti kuwe kwa pili.

Cha kwanza tuma kwa mtu. Familia, wakili, imamu wako, yeyote mliyekubaliana naye kabla. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ina ofisi hapa hapa Kitale. IPOA wanapokea malalamiko dhidi ya polisi kwa 1559, bila malipo. Na unapotuma kwa WhatsApp usitume kama video ya kawaida, maana inabanwa na ile taarifa ya ndani ya saa na mahali inapotea. Tuma kama dokumenti. Ile yenyewe ibaki kwenye simu, usiikate, usiiwekee maandishi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kutoka kwa mtu anayehusika na kifaa kilichorekodi. Klipu isiyo na mwenyewe ni shida kubwa kortini.

Ukirekodi, sema kwa mdomo: leo tarehe fulani, saa fulani, tuko mbele ya duka fulani, gari namba fulani. Sauti yako inatosha, uso wako hauhitajiki. Ukiambiwa rudi nyuma, rudi nyuma huku unarekodi; hakuna sheria inayomkataza mwananchi kumrekodi polisi akifanya kazi barabarani, lakini kambi na maeneo yaliyolindwa ni kitu kingine, usiende kujaribu ushujaa huko. Na tafadhali, aliyevuliwa nguo au anayevuja damu ana sitara yake. Wakili aone. Mtaa mzima hauna haja ya kuona.

Kuhusu woga: upo na ni wa haki. Ndiyo maana nasema tuma haraka kwa mtu mwingine. Video ikiwa kwa watu wawili watatu wanaoaminika, kuinyang'anya simu yako hakuimalizi, na wewe mwenyewe huna sababu ya kukesha ukiifuta. Surat al-Baqara imetukataza kuficha ushahidi, lakini haikusema ubebe peke yako.

Jambo la mwisho, la leo usiku. Andika namba tatu kwenye karatasi, uiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza wanachochukua. Yule kijana wetu alipoulizwa kituoni anataka kumpigia nani, hakukumbuka namba hata moja kwa kichwa. Hata ya mamake.